Mkulima katika Riwaya za Ukerewe

Neno mshamba asili yake ni mtu wa shamba, yaani yule atulishaye. Siku hizi neno hilo ni tusi. Fasihi nayo haikukosa mkono katika mageuzi hayo, kwani katika hadithi nyingi maskini wa kijijini huwa na sura tatu tu: mlevi, mshirikina, au mjinga wa kuchekwa afikapo mjini. Kijana wa Magu au Sengerema azisomapo sura hizo darasani kila mwaka, mwisho humwonea haya baba yake mzazi.

Ili kulipima jambo hili yatutosha kutazama kisiwa cha Ukerewe, kaskazini ya mji wa Mwanza, kilichotoa waandishi wawili mashuhuri.

Wa kwanza ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Riwaya yake juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa kwa tarehe ya 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Humo, Myombekere hutakiwa kupeleka pombe ya ndizi kwa wakwe zake ili arudishiwe mke. Pombe hiyo si ulevi: ni deni la heshima, lidailo ujuzi, subira na msaada wa majirani. Wala Kitereza hapambi mambo. Ugomvi, masengenyo na uchungu wa kukosa mtoto vyote vimo. Lakini kila mtu ana kazi aijuayo na sababu ya atendalo.

Wa pili ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Katika Rosa Mistika, ya mwaka 1971, pombe imekuwa msiba wa nyumba, na Zakaria ni baba mlevi na mkali. Hapana shaka shabaha ya mwandishi ilikuwa kulaumu malezi mabaya, si kuwatukana wakulima. Hata hivyo, msomaji asiyemjua mkulima mwingine ila Zakaria atadhani ndivyo wakulima walivyo.

Tofauti hii ina historia. Kitereza aliandika akiwa kijijini, kwa lugha ya kijiji. Kezilahabi aliandika akiwa msomi wa Chuo Kikuu, wakati elimu ilipokwisha kuigawa nyumba moja kuwa matabaka mawili: mtoto asomaye na mzazi alimaye. Naye aliliona pengo hilo. Katika Kichwamaji, ya mwaka 1974, msomi arudipo Ukerewe hapati tena utulivu kwao. Na katika Gamba la Nyoka, ya mwaka 1979, wanakijiji wanaotakiwa kuhamia kijiji cha ujamaa wanapinga, nao wana hoja zao.

Basi tunawasihi walimu wasivitenge vitabu hivi, bali wavisomeshe pamoja. Kwa kila maskini aliyemo riwayani, wanafunzi na waulizwe: anajua kazi gani? Anadaiwa nini, na nani? Kwa nini ametenda hivi? Riwaya isiyoweza kuwajibu haikumchora mkulima. Imechora dharau ya waliomwacha shambani.