Mzinga uliozaa mbolea

Leo tuweke programu kando, tuzungumzie mzinga usiotumia baruti. Tena tuanzie Keumbu, kwenye barabara ya Kisii kwenda Keroka. Mkulima wa mahindi pale husubiri mvua ndipo atie CAN, mbolea yenye naitrojeni. Sasa, mbolea na mzinga wapi na wapi? Nifuate.

Mzinga wenyewe si mgumu kuuelewa. Zungushia waya wa shaba kwenye bomba, pitisha umeme mwingi: koili inageuka sumaku na kuuvuta msumari ulioko mdomoni. Msumari ukifika katikati, umeme uwe umeshakatika, la sivyo sumaku itaurudisha nyuma. Ujanja wote uko kwenye kukata kwa wakati. Wapo wanaojiundia midogo nyumbani kwa kapasita. Tahadhari: kapasita kubwa iliyojaa huweza kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Profesa Kristian Birkeland wa Norway aliomba hataza ya mzinga huu mwaka 1901. Kwa maelezo yake, alirusha chuma cha gramu 500 kwa mwendo wa mita 50 kwa sekunde. Tarehe 6 Februari 1903 akawaalika wakubwa kwenye ukumbi wa chuo kikuu, Kristiania (leo Oslo), waone mzinga mkubwa zaidi. Kuwasha tu, ikapiga shoti. Mwali, kishindo, watu mbio!

Wakati huo dunia ilitegemea shura ya Chile kwa mbolea, na tangu 1898 mkemia William Crookes alikuwa ameonya kwamba itakwisha na njaa itaingia. Wiki moja baada ya aibu ile, Birkeland alikutana na mhandisi Sam Eyde, aliyetafuta radi ya kutengeneza ili aunganishe naitrojeni na oksijeni ya hewani. Radi ilikuwa tayari: ule mwali wa shoti! Wakautanua kwa sumaku ndani ya tanuri, na mwaka 1905 ikazaliwa kampuni ya mbolea, Norsk Hydro.

Tanuri hizo zilikula umeme mno, zikashindwa na njia ya Wajerumani Haber na Bosch, ambayo ndiyo msingi wa CAN ya leo. Lakini kitengo cha mbolea cha Norsk Hydro kilijitenga mwaka 2004 kwa jina la Yara, na mifuko yake imefika hadi madukani Kenya.

Basi shoti ikipiga, zima umeme kwanza. Halafu tazama kilichoungua.