Hirizi ya Plasi Moja

Kama umewahi kucheza Diablo II, gemu iliyotoka mwaka 2000, unazijua hirizi zake. Ziliongezwa mwaka uliofuata, 2001. Huzivai kichwani wala hushiki mkononi. Unazibeba tu kwenye begi na zinafanya kazi. Begi lenyewe lina vyumba 40: hirizi ndogo inakula chumba kimoja, ya kati viwili, kubwa vitatu. Zile kubwa zinazotafutwa sana zinakupa plasi moja kwenye tawi zima la ujuzi. Yule mpiga upinde, Amazon, akipata hirizi ya tawi la upinde, kila ujuzi wake wa mishale unapanda levo moja. Akibeba tisa, anapanda levo tisa. Lakini pia zaidi ya nusu ya begi imejaa, na vitu vingine anavyookota njiani hana pa kuviweka.

Ukizizoea unagundua zina masharti. La kwanza, hirizi ikitoka begini ukaiweka stoo, imelala. Haikusaidii kitu. La pili, plasi inaongeza kilichopo. Kama hujaweka pointi yako mwenyewe hata moja kwenye ujuzi fulani, hirizi ya ujuzi huo haikufundishi kitu. Sifuri inabaki sifuri. La tatu lilikuja mwaka 2003: ujuzi mmoja ulianza kuusaidia mwingine, lakini katika hesabu hiyo zinahesabika pointi ulizoweka wewe tu. Za kuazima kwenye vifaa hazimo.

Sasa, mtu wa pwani akisikia hirizi hafikirii kompyuta. Anafikiria kikaratasi chenye aya, kimekunjwa, kimeshonewa ngozi, kimefungwa mkononi au shingoni mwa mtoto. Na akiwa Mgiriama anafikiria pia fingo, ambayo haibebwi kabisa. Fingo huzikwa ardhini, ndani ya kaya, ilinde mji mzima. Masimulizi ya Wamijikenda yanasema mafingo ya kwanza yalitoka nao Singwaya, kaskazini, walipohama kuja kusini.

Nataka tuyapeleke yale masharti matatu Jilore, bara kidogo kutoka Malindi, kati ya mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke. Tuyapeleke mwaka 1914.

Tuanze na upinde wenyewe, maana huko msituni uta haukuwa mchezo. Majirani wa Wagiriama, Waata, ambao wengine huwaita Wasanye au Waliangulu, walikuwa wawindaji wa ndovu. Uta wao mkubwa ulihitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuuvuta. Gemu ingeandika pembeni kwa herufi nyekundu: nguvu zako hazitoshi. Hapakuwa na njia ya mkato. Kijana alianza na uta mdogo, akapanda polepole kadiri mabega yalivyokomaa. Uingereza nako, meli ya kivita Mary Rose iliyozama mwaka 1545 ilipoopolewa, mifupa ya mabega ya baadhi ya mabaharia ilionekana imebadilika, na wataalamu wakadhani ni wapiga upinde waliovuta tangu utotoni. Yaani pointi zilikuwa zimeingia hadi kwenye mfupa.

Juu ya mshale ndipo ilipokuja plasi: sumu ya mti wa msunguti. Magome na vijiti vinachemshwa muda mrefu hadi vinabaki uji mweusi, mzito kama lami. Unapakwa nyuma ya chembe ya mshale, kisha unafungwa kwa kipande cha ngozi laini usikauke wala kupigwa na jua. Ndani yake mna kemikali inayovuruga mapigo ya moyo. Mnyama haanguki kwa ukubwa wa jeraha, anaanguka kwa kuwa moyo umesimama. Lakini sumu kali mikononi mwa mtu asiyejua kunyatia ni hatari kwake kuliko kwa ndovu. Sharti la pili hilo: plasi inaongeza kilichopo.

Basi Waingereza walipofika, waliona nini? Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilimleta afisa aitwaye Arthur Champion kuwatawala Wagiriama moja kwa moja. Ilitaka kodi ya nyumba, ilitaka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu pwani, na ilitaka watu wahame ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, kwenye ardhi nzuri walikokuwa wakilima mahindi na kuyauza Malindi. Kwa Mgiriama hesabu ilikuwa rahisi. Kwani aache shamba lake linalomlisha akamlimie mtu mwingine kwa ujira mdogo?

Mwaka 1913 akasimama mama mmoja mjane, Mnyazi wa Menza, anayejulikana zaidi kama Mekatilili, mama yake Katilili. Alizunguka vijijini na ngoma ya kifudu, watu wakajaa. Masimulizi yanasema alimletea Champion kuku na vifaranga mbele ya mkutano, akamwambia hebu chukua kifaranga kimoja tuone. Alipojaribu, kuku akamdonoa. Na hivyo ndivyo tutakavyofanya ukija kuwachukua watoto wetu, Mekatilili akasema.

Kisha akawakusanya watu kaya. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayeitumikia serikali. Mwenye kukivunja, kiapo kitamla.

Hapa ndipo wengi wetu tuliosoma kwa silabasi tunapoanza kutabasamu. Tunaweka kiapo kwenye kapu moja na yale maji ya Kinjikitile, kule Tanganyika mwaka 1905, yaliyosemekana yangegeuza risasi kuwa maji. Ushirikina, tunasema, tunafungua ukurasa mwingine. Lakini kiangalie kiapo kama kifaa, uone kilifanya nini hasa. Hakikumpa mtu ngozi isiyopenya risasi. Kilimwondolea kila mmoja ile hofu ya kuwa peke yake. Kama wewe unakataa kodi na jirani yako analipa, wewe ndiye utakayekamatwa. Kama nyote mmeapa, na nyote mnaogopa kiapo kuliko mnavyomwogopa askari, chifu aliyewekwa na serikali anabaki na daftari tupu. Kiapo kilipanga foleni hasira ambayo tayari ilikuwepo. Bila ile kodi, bila lile tishio la ardhi, bila vijana kutafutwa kama mbuzi waliopotea, kiapo kisingekuwa na cha kuongeza.

Oktoba 1913 serikali ilimkamata Mekatilili pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, ikawasafirisha hadi Kisii, upande wa pili kabisa wa nchi. Mwaka uliofuata wakatoroka, wakarudi pwani, mamia ya kilomita. Sasa serikali ikafikiri kama mchezaji asiyejua gemu. Ikasema nguvu ya hawa watu iko kwenye kifaa, na kifaa kiko kaya. Tukivunja kaya, zile plasi zote zinashuka.

Agosti 1914, siku zilezile Uingereza ilipokuwa ikiingia vita na Ujerumani, Kaya Giriama ililipuliwa kwa baruti. Miti mikubwa ikaangushwa, milango ikachomwa.

Na ndipo vita vikaanza. Si kabla, baada. Kwa sababu kaya wakati huo haikuwa mji wenye watu. Kwa miaka mingi Wagiriama walikuwa wameshatawanyika kutafuta mashamba, wakafika hadi Jilore na ng'ambo ya Sabaki. Kaya ilibaki na wazee wachache na heshima kubwa. Waliolipua walidhani wanavunja nguvu. Walichofanya ni kumthibitishia kila mwenye shaka kwamba Mekatilili alisema kweli.

Tusijidanganye lakini. Mishale ilikutana na bunduki za King's African Rifles, na mshale una mwisho wake. Vichakani, karibu, usiku, ulitisha. Uwanjani haukuwa na jibu. Nyumba zilichomwa, mbuzi wakaswagwa kwa maelfu, watu wakauawa. Serikali ikawatoza Wagiriama faini ya rupia 100,000 na kudai wanaume 1,000 wa kazi. Mekatilili alikamatwa tena. Ukihesabu silaha, walishindwa.

Ila subiri kidogo. Ardhi ya kaskazini ya Sabaki, ambayo serikali iliwafukuza, iligeuka pori. Chakula kilichokuwa kikishuka Malindi kikapungua. Baada ya miaka michache serikali yenyewe ikalegeza, watu wakarudi kuvuka mto. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje walikuwa wamerudi, wakaketi kaya ileile iliyolipuliwa, yeye upande wa akina mama, mzee Wanje upande wa wanaume. Kile ambacho baruti haikufika ni pointi za ndani: kujua kulima ile ardhi, kujua nani ni ndugu wa nani, kujua baraza linaitwa vipi. Sharti la tatu.

Na sharti la kwanza, lile la stoo? Lilikuja baadaye, na lilitupata vibaya. Vigango ni nguzo za mbao zilizochongwa, zinazosimikwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vingi viliibwa bomani, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Huko vinawekwa kwenye kioo, vinamulikwa taa. Havimlindi mtu. Kigango kina kazi pale kiliposimikwa tu, kwa familia inayomjua aliyesimikiwa. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa nyumbani Kilifi. Vingi bado viko stoo.

Ningependa kuishia hapo, kumlaumu mwizi wa mbali. Lakini kuna jambo letu sisi. Kaunti hiihii ya Kilifi, kwa miaka sasa, wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi. Mvi zinatosha kuwa ushahidi. Mara nyingi chini yake kuna shamba ambalo kijana fulani hataki kungoja alirithi. Huko Ganze, Kaya Godoma, kuna kituo kinachowahifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Yaani kaya, iliyojengwa kuwakinga watu dhidi ya adui wa nje, leo inamkinga babu dhidi ya mjukuu.

Mjukuu huyo pengine anazo hirizi tisa kwenye begi la Amazon wake. Anajua hesabu ya kila plasi. Mzee anayemkimbia ndiye anayejua msunguti unachemshwa vipi, mashairi ya kifudu yanasemaje, mpaka wa shamba ulipita kwenye mti gani kabla ya 1914. Hizo ni pointi ambazo haziokotwi njiani wala haziuzwi. Zinawekwa moja moja, kwa kukaa na mtu aliye nazo, akiwa hai.