Bati, Gramu na Moli: Historia Fupi ya Istilahi Tatu

Istilahi hupimwa kwa matumizi yake. Kwa upande wa kemia, mahali pamoja panapofaa kuzipima ni Karagwe na Kyerwa, wilaya za mkoa wa Kagera zilizokuwa moja hadi mwaka 2012. Huko bati lilianza kuchimbwa kwa biashara zama za utawala wa Waingereza, na wachimbaji wadogo wanaendelea na kazi hiyo mpaka leo.

Neno bati lina maana mbili. Bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Silo bati la mchimbaji. Sokoni utata huu hauna madhara. Darasani unayo, kwani moli moja ya chuma ina gramu 55.8, ya zinki gramu 65.4, na ya bati la mchimbaji gramu 118.7. Ndiyo sababu wanakemia wakachukua neno stani, litokanalo na Kilatini, ambalo pia ndilo asili ya alama Sn.

Gramu iliwekwa na sheria ya Ufaransa ya mwaka 1795. Ilipofika kwetu ilikuta wakia, ratili na frasila, na ikapokewa bila taabu kwa kuwa nayo huwekwa mizanini. Moli haiwekwi mizanini. Ni hesabu ya vitu, kama ilivyo korija, ambayo ni vitu 20. Jina hilo lilianzishwa na Wilhelm Ostwald wa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1971 moli ikaingizwa miongoni mwa vipimo vya msingi vya kimataifa, na tangu tarehe 20 Mei 2019 idadi yake ni 6.02214076 × 10²³ kamili.

Na tuchukue mfano wa Kyerwa. Mbale ya huko, kasiteraiti, ni msombo wa atomu moja ya stani na mbili za oksijeni. Moli yake moja ina gramu 118.7 kujumlisha 32.0, yaani 150.7. Kilo moja ya kasiteraiti safi, yaani gramu 1,000, ikigawanywa kwa 150.7 hutoa moli 6.64. Kila moli ya mbale ina moli moja ya stani, basi 6.64 mara 118.7 ni gramu 788 hivi. Hizo ndizo gramu za metali ambazo kilo hiyo haiwezi kuzizidi, hata tanuri likiwa bora namna gani.

Kutokana na hayo, yafaa bati libaki katika mazungumzo na biashara, na stani itumike katika hesabu. Aidha, moli isichanganywe na molekuli: molekuli ni kitu kimoja, moli ni korija ya mwanakemia. Mwanafunzi asiyetenganisha maneno haya atakosea jibu kabla hajaanza kugawanya.