Walter Scott na shilingi ishirini za kila pauni

Januari 1826 kampuni ya Hurst, Robinson ya London ilishindwa kulipa madeni yake. Ndani ya siku chache ikaanguka na kampuni ya Archibald Constable, mchapishaji mkubwa wa Edinburgh, nayo ikaiburuta kampuni ya uchapaji ya James Ballantyne. Hapo ndipo watu walipogundua kwamba ndani ya kampuni ya Ballantyne kulikuwa na mshirika wa siri: Sir Walter Scott.

Siku hizi kampuni ikifilisika, mwenye hisa hupoteza hisa zake, basi, nyumbani kwake hapaguswi. Lakini Uingereza ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1855 tu. Mwaka 1826 mshirika alidaiwa mpaka kijiko cha mwisho. Deni lililomwangukia Scott lilikuwa kama pauni 120,000.

Lilifikaje huko? Kwa makaratasi. Constable na Ballantyne walikuwa wakiandikiana hati za ahadi ya malipo, kisha wanazipeleka benki kuchukua fedha kabla ya siku ya malipo kufika. Hati ikiiva, inalipwa kwa hati nyingine. Wanaojua kukopa huku ili kulipa kule watanielewa. Na Scott alikuwa akichota humohumo kununua mashamba na kujenga kasri lake la Abbotsford. Lockhart, mkwe wake aliyeandika wasifu wake, alimtupia Ballantyne lawama. Upande wa Ballantyne ukajibu kwa kijitabu mwaka 1838. Mimi nadhani Scott alijua vizuri tu alichokuwa akisaini. Alikuwa mwanasheria, jamani.

Angeweza kuomba atangazwe mufilisi, mali ikauzwa, wadai wakagawana kilichopo, naye akaanza upya. Alikataa. Aliweka mali yake, pamoja na vitabu ambavyo hajaviandika bado, mikononi mwa wadhamini kwa niaba ya wadai. Nyumba yake ya Castle Street ikauzwa. Mei mwaka huohuo mkewe Charlotte akafariki, na bado kalamu haikusimama: riwaya ya Woodstock ikatoka 1826, maisha ya Napoleon, juzuu tisa, yakatoka 1827.

Hadithi hii husimuliwa kama somo la uungwana, nami nilivyoisikia mara ya kwanza niliinamisha kichwa. Ila kuna jambo linalonikera. Mwaka 1825, mwana wake mkubwa alipooa, Scott alikuwa amekwisha kumwandikia Abbotsford. Mfilisi wa leo angeuliza maswali makali kuhusu karatasi hiyo. Wadai wake walimwacha aendelee kuishi humo. Ni huruma, sawa, lakini pia hesabu: Scott aliye mezani anaandika alikuwa na thamani kuliko Scott aliye gerezani.

Desemba 1830 wadai walimrudishia maktaba na samani zake. Wakati huo kiharusi kilikuwa kimeshampiga. Alifariki 21 Septemba 1832, deni likiwa bado halijaisha. Bima ya maisha yake na mapato ya hakimiliki ndivyo vilivyokuja kulimaliza. Pauni ya wakati ule ilikuwa shilingi 20. Wadai wa Constable walipata shilingi mbili na peni tisa kwa kila pauni. Wa Scott walilipwa zote ishirini.