Modeli za rangi

Modeli ya rangi ni utaratibu wa kueleza rangi kwa namba, ili rangi iliyochaguliwa kwenye kifaa kimoja iweze kutolewa na kifaa kingine. Zinazotumika zaidi ni RGB, ambayo ni ya skrini za televisheni, kompyuta na simu, na CMYK, ambayo ni ya uchapaji. Tofauti kati ya modeli hizi ni sababu kuu ya picha kubadilika rangi inapotoka kwenye skrini na kuchapwa kwenye karatasi.

Historia

Mwaka 1802 mwanasayansi Mwingereza Thomas Young alipendekeza kwamba jicho la binadamu hutambua rangi kwa kutumia vipokezi vya aina tatu. Mwaka 1861 James Clerk Maxwell kutoka Uskoti alionyesha jijini London picha ya utepe iliyopigwa mara tatu, kupitia vichujio vya rangi nyekundu, kijani na buluu. Picha hizo zilipomulikwa pamoja, rangi za utepe zilionekana. Skrini za leo hufuata kanuni hiyohiyo.

RGB

Herufi RGB zinatokana na majina ya Kiingereza ya rangi nyekundu, kijani na buluu. Skrini huanza na giza, kisha mwanga huongezwa, hivyo RGB huitwa modeli ya kujumlisha. Kwa mwanga:
- nyekundu na kijani hutoa njano;
- kijani na buluu hutoa samawati;
- nyekundu na buluu hutoa majenta;
- zote tatu kwa nguvu kamili hutoa nyeupe.

Kwa kawaida kila rangi hupewa kiwango kuanzia 0 hadi 255. Kwa hiyo michanganyiko inayowezekana ni 256 × 256 × 256, yaani 16,777,216.

CMYK

Karatasi haitoi mwanga bali huakisi ule unaoiangukia. Wino hufyonza sehemu ya mwanga huo, hivyo CMYK huitwa modeli ya kutoa. Wino wa samawati hufyonza mwanga mwekundu, wa majenta hufyonza mwanga wa kijani, na wa njano hufyonza mwanga wa buluu. Viwango huandikwa kwa asilimia, kuanzia 0 hadi 100.

Kinadharia wino hizo tatu zikichanganywa zingetoa nyeusi, lakini kwa kweli hutoa kahawia iliyokolea na kulowesha karatasi. Kwa sababu hiyo huongezwa wino mweusi, unaowakilishwa na herufi K. Rangi hafifu hupatikana kwa kuchapa nukta ndogo zenye nafasi nyeupe kati yake. Nukta hizo huonekana kwa kioo cha kukuzia.

Kutoka skrini hadi karatasi

Baadhi ya rangi kali za skrini, hasa za kijani, buluu na chungwa, haziwezi kupatikana kwa wino nne za kawaida. Programu inapobadilisha faili kutoka RGB kwenda CMYK, huweka badala yake rangi iliyo karibu zaidi. Kurudisha faili hilo kwenye RGB hakurejeshi rangi zilizopotea, kwa hiyo faili la awali linapaswa kuhifadhiwa.

Maandishi madogo yanafaa kuchapwa kwa wino mweusi peke yake. Yakitengenezwa kwa wino nne, bamba moja likisogea kidogo tu herufi huonekana na kivuli.

Printa nyingi za nyumbani na ofisini hupokea faili za RGB na kuzibadilisha zenyewe, lakini viwanda vingi vya uchapaji huomba CMYK. Matokeo hutegemea pia karatasi: isiyong'aa hunyonya wino zaidi, na rangi hufifia. Kwa rangi isiyotakiwa kubadilika, kama ile ya nembo, hutumika wino uliochanganywa tayari kwa kufuata orodha maalumu, kama ile ya Pantone iliyoanzishwa mwaka 1963. Njia ya uhakika ya kukagua rangi ni nakala ya majaribio iliyochapwa kwenye karatasi itakayotumika, kabla ya kuchapa nakala zote.