Pampu ya Samaki na Vyura wa Kihansi Waliopandishwa Ndege

Jamaa mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, jina nalihifadhi, ana tangi la samaki sebuleni. Taa za bluu, mawe meupe, picha kila Jumapili. Wiki iliyopita pampu ikaanza kukoroma, yeye akaongeza sauti ya TV. Asubuhi samaki wanne wanaelea, tumbo juu.

Nilimfungulia ile pampu. Sponji limejaa uteute, kile kipangaboi cha ndani kimesokotwa na majani. Kazi ya dakika kumi tu: chomoa umeme, kamua sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe (ya bombani yana klorini, inaua bakteria wanaosafisha maji), sugua kipangaboi kwa mswaki wa zamani, chokaa iloweke kwenye siki halafu suuza sana. Kila mwezi, basi.

Kabla hamjamcheka, kuna bonde zima liliwahi kuishi kwa mabomba kama tangi lake, na liko huku huku kwetu: Kihansi, kwenye mpaka wa Mufindi, Iringa, na Kilombero, Morogoro.

Mwaka 1996, wakati bwawa la umeme linajengwa, watafiti walikuta pale vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, hata sentimita 3 hawafiki. Wanazaa watoto walio vyura tayari, hakuna cha kiluwiluwi. Kwao duniani kote ni hapo tu, kama hekta 2 zinazoloweshwa na mvuke wa maporomoko.

Mitambo ya megawati 180 ikawashwa, asilimia 90 hivi ya maji yakaondoka kwenye maporomoko. Mvuke ukakata. Suluhisho? Mabomba yenye vitundu vidogo, yatandazwe bondeni yanyunyize maji badala ya mto. Na mwishoni mwa 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Bronx, New York, kama akiba. Hapa ndipo Wabongo tulipocheka: vyura wana safari za Marekani, sisi hata pasipoti hatuna!

Mabomba yalifanya kazi. Katikati ya 2003 vyura bondeni walikadiriwa kufika 17,000 na zaidi. Halafu mwaka ule ule mambo matatu yakagongana: mabomba yakaharibika wakati wa kiangazi, lango la bwawa likafunguliwa kutoa tope lenye dawa za mashamba ya mahindi ya juu, na ukaingia ugonjwa wa fangasi unaoua vyura duniani. Lipi liliua zaidi, wataalamu wanabishana mpaka leo. Mimi macho yangu yako kwenye mabomba, kwa sababu mto haukoromi wala hauharibiki kiangazi. Januari 2004 walionekana watatu tu. Mwaka 2009 wakatangazwa rasmi kuwa wametoweka porini.

Kule Marekani nako hali ilikuwa mbaya. Mwisho wa 2004 walibaki chini ya 70. Kilichowaokoa ni kazi isiyo na sifa: kuwapulizia ukungu wa maji mara kadhaa kwa siku, kuchuja maji, kupanga taa, kufuta matangi. Kila siku, miaka na miaka. Waliofanya hivyo kwenye zoo za Bronx na Toledo hakuna anayewajua huku Iringa, na sidhani kama kuna aliyewaposti.

Mwaka 2010 vyura 100 wakarudi, wakapokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 vyura 2,000 wakaachiwa Kihansi.

Maji mengi ya mto bado yanaenda kwenye mitambo, ndiyo maana umeme unawaka na wewe unasoma hapa. Kwa hiyo vitundu vya yale mabomba lazima kuna mtu anayevikagua. Jamaa yangu wa Mwanjelwa naye kanunua samaki wapya wawili, na mswaki.