Kwa nini mashine inataka nyota na mabano



Tunaona hili kila wiki. Kijana anapiga hesabu vizuri kwenye daftari, akiingiza jibu kwenye simu anaambiwa amekosa. Anasema hesabu si yake, anaacha. Jamani, mara nyingi si akili iliyokosa, ni uandishi. Na uandishi huo una historia.

Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alichapisha kitabu cha jiometri ambamo kipeo kinakaa kidogo, juu ya herufi, vile tunavyoandika ubaoni mpaka leo. Mkono unapanda na kushuka utakavyo. Kompyuta za zamani hazikuweza hivyo. Zililishwa kadi zenye matundu, alama moja baada ya nyingine, mstari mmoja. Ndiyo maana mwaka 1957, IBM walipotoa lugha ya Fortran, kuzidisha kukawa nyota moja * na kipeo nyota mbili . Mwaka 1964 lugha ya BASIC ikatumia mshale wa kwenda juu. Mwaka 1967 orodha ya alama za kompyuta, ASCII, ikabadilishwa: mshale ukatoka, ikaingia kofia ^. Ndiyo hiyo tunayoitafuta kwenye simu.

Hapa karibu, Chuo Kikuu cha Maseno, kwenye barabara ya Busia kwenda Kisumu, wanafunzi wa hesabu wametumia STACK, mfumo ulioanzishwa Uingereza na Chris Sangwin. Unasahihisha aljebra kwa programu ya Maxima, yenye asili yake katika Macsyma, kazi iliyoanza chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1968. Mwalimu anaweza kukisia ulichotaka kusema. Mashine inasoma ulichoandika tu.

Basi tushike haya. x^1/2 si kipeo cha nusu, kwa sababu mashine inafanya kipeo kwanza, halafu inagawanya kwa 2. Kama x ni 16, inapata 8, na wewe ulitaka 4. Andika x^(1/2). Sehemu yenye x+1 juu na x-3 chini ni (x+1)/(x-3). Ukiacha mabano, 1/x peke yake ndiyo inakuwa sehemu. Badala ya 2x andika 2*x, na badala ya x(x+1) andika x*(x+1), maana mashine nyingine hudhani x ni jina la kanuni, kama sin.

Ombi letu kwa mashirika: kabla ya mtihani, wapeni vijana dakika kumi za kuzoea kuandika alama hizi. Mtu aliyepoteza miaka ya shule njiani asifungiwe mlango na nyota moja.